Pikipiki Mia Mbili Zilinipigia Honi

9 Juni

Kwa mpwa wangu, muuguzi wa milimani,

Kabla sijakusalimu, jua kwamba barua hii inaandikwa na mtu aliyepigiwa honi na pikipiki mia mbili katika siku moja. Nasema mia mbili kwa sababu sipendi makuu, zilikuwa zaidi. Wapo viongozi waliozeekea kwenye viti vyao na hawajapigiwa hata kengele ya baiskeli.

Haya, salamu sasa. Mama yako mzima. Goti linamgomea akipanda ngazi, lakini mdomo haujapata hitilafu yoyote. Jana tu amenisema mbele ya mteja niliyekuwa nimemnyoa nusu kichwa. Mkaza mjomba wako amepaka jiko rangi ya kijani bila kuniuliza, na sasa kila nikinywa chai najiona nimo ndani ya chupa. Duka la kunyolea linakwenda vizuri. Nimenunua kioo kipya, maana kile cha zamani kilikuwa kinawaonyesha wateja vichwa vimepinda, wakadhani ni mkono wangu.

Tuje kwenye jambo lenyewe. Ulipohamia huko ulinikabidhi pikipiki ya marehemu baba yako, ukaniomba niwe naiwasha kila juma isije ikalala. Mimi nikikabidhiwa kitu sikitunzi nusunusu. Nikasikia kuna mkutano mkubwa wa waendesha pikipiki, watu wanatoka kila upande, wanakutana katika mji wa ng'ambo ya mlima na kufanya gwaride. Nikajiambia, shemeji angekuwa hai angekwenda. Basi nikaenda kwa niaba yake. Na njiani, mpwa wangu, nilikuwa mbele ya wote. Mbele kabisa! Nilipofika mlimani nikasimama kidogo kando ya barabara, na msafara mzima ukapita ukinipigia honi, nami nawapungia hivi, taratibu, kwa kiganja, kama mgeni rasmi. Dukani kwangu wote wameisikia habari hii. Mzee muuza magazeti kila akija kunyolewa ananiomba niirudie.

Ilitokea pia hitilafu ndogo ya kiufundi, ikashughulikiwa na wataalamu chini ya usimamizi wangu. Usijali.

Ombi lako nimelipata, kwamba pikipiki ije huko uitumie kazini. Lori la mtu wa sabuni litaipakia mwanzoni mwa Agosti. Nitaifunga kamba kwa mikono yangu mwenyewe.

Ni mimi mjomba wako, ambaye barabara inamjua.


27 Juni

Mjomba, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nikiwa kwenye foleni ya maji, nikacheka peke yangu mpaka watu wakanisogelea kuona kama nina homa. Mimi ni mzima. Zahanati ni ileile: chumba cha sindano, chumba cha wajawazito, na paa linalovuja juu ya meza yangu tu, kana kwamba mvua ina kisa na mimi. Mwambie mama asinitumie sweta nyingine, nilizo nazo zinatosha kuvalisha kijiji. Mkaza mjomba mpe hongera ya jiko. Kijani kinapumzisha macho, wewe zoea tu.

Mjomba wangu, hiyo "hitilafu ndogo ya kiufundi" ndiyo mnyama gani?

Nauliza kwa sababu Jumapili nilipanda juu ya tangi la maji, maana ndipo simu inaposhika, nikaongea na mama kabla haijakatika. Akasema ulirudi kesho yake, mbele yako mwanamke mwenye koti la rangi ya chungwa juu ya pikipiki yake, nyuma yako mwanamume mnene juu ya nyingine, na wewe katikati kama mgonjwa anayerudishwa wodini. Maneno ni yake, si yangu. Akasema walikunywa chai, wakakataa kulala, wakaondoka. Ni kina nani hao?

Sikulaumu kwa safari. Baba angekwenda kweli, na mimi angenipakia nyuma. Lakini nataka ujue pikipiki hii nakwenda kuifanyia nini. Kuna vijiji nyuma ya mlima. Gari la zahanati limekufa tangu mwaka jana, na watoto wa huko hawajachanjwa. Msimamizi wangu amesema nikipata usafiri wangu mwenyewe nitakwenda. Nisipopata, njia ile ya chanjo inafungwa, na akina mama watashuka na watoto kwa miguu, wale wanaoweza. Nitakuwa peke yangu na sanduku la chanjo lenye barafu. Upande mmoja wa barabara ni mwamba, upande wa pili hakuna kitu. Injini ikiganda pale, gurudumu la nyuma linaganda nayo.

Ndiyo maana nauliza, Mjomba. Si udadisi.

Mpwa wako.


22 Julai

Mpwa wangu, marahaba, na nyingine ya akiba.

Mama yako angekuwa benki, kila mtu angejua akiba ya mwenzake. Hata hivyo anakusalimu. Goti limepata dawa ya kuchua, nyumba nzima inanuka kama hospitali, utajisikia uko kazini ukija. Mkaza mjomba wako ametoka jikoni na sasa ameuanza mlango. Nimemwambia akifika kwenye kiti changu cha kazi tutafikishana kwa wazee.

Sasa nisikilize. Injini ilizima mlimani. Ilitoa sauti moja kama kabati la chuma linaloburutwa, gurudumu likashika, pikipiki ikayumba, lakini mimi ni mimi, nikabaki juu yake. Nikaiburuta pembeni. Inatoa moshi, haisogei mbele wala nyuma. Nikasimama kando yake na helmeti yangu kichwani, nimenyooka, nangoja. Ndipo msafara ukatokea na hizo honi. Nami nikapunga. Wakapita wote.

Baadaye, barabara imeshanyamaza, zikaja pikipiki mbili zimeambatana. Ya mbele ikasimama. Mwanamke, koti la rangi ya chungwa jipya, kucha zina rangi ya kuta: nyeupe, buluu, nyingine sijui ya nini. Kazi yake ni kupaka majumba rangi. Akainua kioo cha helmeti.

"Shikamoo, baba. Umesimama kutupungia au umekufa?"

"Napumzika," nikamwambia.

"Na hiyo injini inayofuka, nayo inapumzika?"

"Inapunga upepo."

"Mbona basi helmeti iko kichwani?"

"Ulitaka niibebe mkononi kama kikapu cha sokoni?"

Hapo akazima pikipiki yake, akashuka, akanieleza. Kumbe wenyewe kwa wenyewe wana desturi: ukikwama, unavua helmeti unaiweka chini, nyuma ya gurudumu. Anayeiona hapiti. Lakini ukiivaa na kupunga mkono, maana yake uko salama, watu watangulie. Kwa hiyo msafara wote ulikuwa unaniuliza kwa honi, "Vipi, kwema?" na mimi nikawajibu mmoja mmoja kwa kiganja, "Kwema, piteni." (Habari hii naomba isimfikie muuza magazeti.)

"Lete kichwa," akasema. Akanifungulia mkanda wa kidevu mwenyewe, mimi mtu mzima, kinyozi, mjomba wa watu, akaiweka helmeti chini. Mpwa wangu, walikuwepo wachache waliochelewa, wanakuja kwa kasi kulikimbilia gwaride. Hakupita hata mmoja! Huyu ananipa maji, huyu ananipa ndizi, kijana mmoja mrefu akakaa upande wa jua kusudi kivuli chake kinifunike. Nikawaambia nendeni, mtachelewa. Wakamtazama yule mama, akawaambia, "Nendeni, sisi tutabaki naye." Sisi ni yeye na mumewe. Mumewe anaoka mikate, mnene, haongei, nadhani maneno yote amemwachia mkewe kwa maandishi. Mimi nikawapa majina: Mama Chungwa na Bwana Unga.

Gwaride lile walilingoja mwaka mzima. Koti lilishonwa kwa ajili ya siku ile. Tukakaa kwenye majani tukingoja injini ipoe, na kutoka bondeni tukaanza kuzisikia honi, zote kwa pamoja, na ngoma, na watu wanashangilia. Mimi nikainama. Mama Chungwa akasikiliza kidogo, akasema, "Kutoka huku juu sauti ni tamu zaidi, huko chini mtu unaziba masikio." Akaendelea kuipepea injini kwa kipande cha boksi.

Wakanivuta kwa kamba mpaka kwao, chini ya mlima, upande huu wa kwetu. Nikalala chumba cha kuokea, kitanda kimesogezwa karibu na tanuri nisipate baridi. Bwana Unga akafungua injini, akatoa ringi za pistoni, zile pete za chuma, zilikuwa zimeungua, akatia mpya alizokuwa amejiwekea kwa pikipiki yake mwenyewe. Nikimuuliza kitu ananipa mkate. Na kesho yake wakanirudisha nyumbani kama mama yako alivyotangaza.

Basi, ni mafuta. Siku hizi mafuta yanachanganywa, si ya kuamini. Hilo ndilo lililotokea. Panda, uende kazini.

Mjomba wako.


11 Agosti

Shikamoo, Mjomba.

Pikipiki imefika salama, imefungwa kamba mpaka imekuwa kama maiti. Ilibidi tukate kwa kisu. Niliposhika usukani nikaona pale baba alipozungushia utepe, bado upo. Nikakaa juu yake uani bila kuiwasha. Asante kwa kuitunza. Nasema kweli.

Watu wale wa mlimani nimewasimulia kwa wauguzi wenzangu wote. Nataka anwani yao niwaandikie, maana walikuokota wewe, na mimi sina mjomba wa akiba. Jambo la helmeti limeshaingia kazini: muuguzi mwenzangu akizidiwa na wagonjwa anaweka kofia yake chini mlangoni na sisi tunakwenda kusaidia.

Sasa naomba usikasirike. Hapa kuna fundi wa mashine ya kusaga, ndiye anayetengeneza kila kitu, hata saa. Ameifungua, amesifu sana kazi ya Bwana Unga. Ila tangi amelikuta safi, na mafuta uliyoyaacha humo hayana tatizo. Anasema pistoni haigandi hivihivi. Ama oili iliisha, ama kuna kitu ndani kimepinda, ama iliendeshwa isivyotakiwa mpaka ikachemka. Kama kimepinda, itaganda tena, wala haitachagua mahali. Na kuipasua injini yote mpaka chini ili atazame, hana vifaa.

Mama Chungwa alikuuliza nini pale mlimani, Mjomba? Mtu aliyekaa na injini mchana kutwa lazima aliuliza maswali. Ulimjibu nini?

Mimi sipandi mlima ule na kitu kilichokufa bila sababu. Nikishindwa kuijua sababu, nitamwachia fundi aivunjevunje auze vipande, na njia ifungwe. Nitalia, lakini nitafanya hivyo.

Nisalimie nyumba yote, na mlango mpya.


14 Septemba

Mjomba, shikamoo.

Sijapata jibu. Mama anasema u mzima na unanyoa watu.

Msimamizi amenipa mpaka mwisho wa mwezi huu. Jana mama mmoja ameshuka kutoka kule amebeba mapacha, mmoja mbele, mmoja mgongoni, amefika miguu imevimba. Nikawachanja. Akaniuliza lini nitapanda. Pikipiki iko chini ya baraza, nimeifunika turubai.

Kama nimekukosea kwa kuuliza, nisamehe. Lakini bado nauliza.


21 Septemba

Mpwa wangu,

Marahaba, mwanangu. Hujanikosea. Barua zako zote mbili ziko kwenye droo ya mikasi, na kila nikitafuta mkasi zinanitazama. Nimeanza kukujibu sijui mara ngapi. Nikifika kwenye neno lenyewe, mteja anaingia. Na asipoingia, natoka mlangoni namwita.

Mama yako mzima, goti limelegea. Mlango umekuwa wa kijani na mimi nimeukubali. Hizo ndizo salamu, leo sina nyingine.

Mama Chungwa aliniuliza swali moja tu. Aliinama, akanusa injini, akasema inanuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Akauliza, "Baba, huku barabara ya tambarare ulikuwa unakuja na gia ya ngapi?" Nikamwambia, "Ya nne, ya ngapi tena?" Akamtazama mumewe, mumewe akatazama mlima. Hakuuliza tena.

Nilikuwa gia ya pili, mpwa wangu. Toka mlangoni kwangu mpaka pale mlimani, ya pili. Mimi pikipiki ile nilikuwa naiendesha hapa mtaani, nyumbani dukani, dukani nyumbani, na mtaani ya pili inatosha, hata kona unazipiga vizuri. Huko barabarani ikawa inalia, inalia njia nzima, nami nikajua ndiyo sauti ya pikipiki kubwa. Nikafurahi, hata. Niliondoka alfajiri kabla ya wenzangu ndiyo maana nikawa mbele ya wote. Oili ilikuwepo, tele. Iliungua humohumo ndani kwa joto.

Watu wale walijua. Mimi ni kinyozi, miaka yote hii nafanya kazi mbele ya kioo, mtu anayejizuia kucheka namjua kwa mabega. Nilikuwa nayatazama mabega yao. Yalitulia. Hawakunicheka hata nilipogeuka. Asubuhi yake kwao, Mama Chungwa akaja akasema, "Baba, ringi ni mpya, naomba unisaidie kuijaribu injini hapa uani, mume wangu ana mikate tanuruni. Hizi za zamani gia zake zina mambo yake, nikukumbushe tu." Nikukumbushe! Akapanda nyuma yangu, tukazunguka uwanja wa mikate, yeye ananiambia sikioni, "Sasa sikiliza, ikianza kulalamika, achia, panda," tena na tena, mpaka nikaingiza ya tatu. Akapiga makofi. Akasema, "Ringi zimekaa vizuri sana." Na njiani akatangulia yeye, Bwana Unga akakaa nyuma yangu, ili mwendo uwe wangu na magari yasinisukume. Nilipofika nyumbani akamwambia mama yako, "Baba amekuja vizuri." Basi.

Jumapili iliyopita nilifunga duka nikapanda basi mpaka kwao. Sikuwa na cha kuwapelekea, nikachukua mashine yangu na mikasi, nikamnyoa Bwana Unga chini ya dirisha la tanuri, nikampunguza na ndevu. Amependeza, mkewe amemzunguka kama nyumba anayotaka kuipaka. Nikamwambia Mama Chungwa, "Ile siku nilikudanganya gia." Akasema, "Baba, injini ilishaniambia kabla yako." Nikamweleza habari yako, mlima wako, sanduku, mapacha. Akaacha kila kitu akakaa. Akasema hivi, nami nakuandikia kama alivyosema, usifikiri naongeza: ndani hakuna kilichopinda. Mumewe alipima kila kitu usiku ule mimi nikiwa nimelala, kwa sababu alitaka awe na hakika kabla hajaniruhusu kuondoka. Imepona kabisa. Mwambie binti aiwashe, aiache ipate joto, asiilazimishe siku za mwanzo, na apande. Bwana Unga naye akafungua mdomo, wallahi, akasema, "Apande." Kisha akanipa mkate.

Mkate huo ndio huu, ule mkavu unaokaa siku nyingi, nimemkabidhi kondakta wa basi pamoja na barua. Anwani yao nimeiandika nyuma ya bahasha. Waandikie kwa mwandiko wako mzuri. Uwaambie, maana mimi nilishindwa kulisema mbele yao, kwamba watu waliacha siku yao kwa ajili ya mzee wasiyemjua, wakamsikia anasema uongo, wakamsaidia huku wakimlindia heshima yake. Mimi sijui ningeweza. Labda ningemsaidia, lakini ningemcheka kwanza.

Kwa hiyo, mpwa wangu, pikipiki ya baba yako haina ugonjwa. Mgonjwa alikuwa dereva, na dereva yuko huku ananyoa watu. Toa turubai. Wewe baba yako alikufundisha ungali mdogo, miguu haijafika chini, nilikuwepo nakumbuka. Wapelekee watoto chanjo yao.

Dukani bado hawajui, na muuza magazeti jana ameirudia hadithi kwa wengine, sasa zimefika pikipiki mia tatu. Sikumrekebisha.

Na siku ukiwa tambarare, barabara nyeupe mbele yako, ukiingiza hiyo ya nne, niandikie inakuwaje. Mimi mpaka leo sijawahi kufika.

Mjomba wako.